Mtoto Aliyelizidi Darasa: Kumfundishia Nyumbani Uganda na Kumtafutia Pa Kukaa

Mwulize mtoto wa miaka minane anayesomea nyumbani, awe Ntinda au Arua, "Uko darasa la ngapi?" na mara nyingi atamtazama mama yake kwanza. Jibu analo, ila ni refu. Hesabu zake ni za P6, darasa la sita la msingi. Vitabu vya Kiingereza anavyosoma kwa raha ni vya watoto wa S1, mwaka wa kwanza wa sekondari. Mwandiko wake ni wa P2, tena P2 ya muhula wa kwanza. Akishindwa ludo, analia kama wa chekechea. Hakuna darasa moja linalomtosha mtoto huyo, na ndiyo maana baadhi ya wazazi wa watoto wepesi huishia kuwafundishia nyumbani. Wengi wao hawana ugomvi na shule. Wamekosa tu kiti kinachomkaa mtoto wao.

Wengine walionjeshwa bila kuchagua. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na ukiondoa vipindi vya madarasa machache, hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 10, 2022. Katika miezi ile mzazi aliyeketi mezani na mtoto aliuona mwendo wake halisi: mada ya wiki tatu ikiisha kwa siku mbili, kisha mtoto anauliza, "Sasa?"

Tatizo ni kwamba lile swali la darasa limebeba mambo matatu yasiyotembea pamoja: mtoto anajua nini, ana karatasi gani ya kuthibitisha, na anakaa na nani. Shule huyafunga matatu haya kitita kimoja na kukiita P5. Ukimtoa mtoto shuleni, kitita kinafunguka. La kwanza linakuwa jepesi kuliko ulivyotarajia. La pili lina masharti ya serikali ambayo hayajali wepesi wa mtu. La tatu halijitengenezi, na ndilo linalorudisha watoto wengi shuleni kwa machozi.

Wanaoona jambo hili ni geni wakumbuke chuoni, yaani madrasa. Pale mwalimu haulizi umri, anauliza, "Umefika wapi?" Wa miaka saba aliyemaliza Juzuu Amma hukaa jamvi moja na wa kumi na tatu aliyefika hapo hapo, na wa kumi na tano aliyeanza juzi anashika alifu na wadogo. Kila mmoja anaendelea alipoachia. Mtoto mwepesi anahitaji mpango wa namna hiyo kwa hesabu na Kiingereza chake.

Kupima alipofika

Kosa la kwanza ni kumpima kwa karatasi ya umri wake. Akipata 98, umejua tu kwamba karatasi ni fupi kwake, kama mtu anayepima kisima kwa rula. Mwaka 1971, Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alianzisha mradi wa kuwatafuta vijana wenye kipaji cha hisabati, akawapa wenye miaka 12 na 13 mtihani wa SAT uliotungwa kwa ajili ya wanaokaribia chuo kikuu. Watoto ambao darasani wote walikuwa wa kwanza walitawanyika: wengine chini kabisa, wengine katikati, wachache juu sana. Kwenye mtihani wa darasa lao wote walikuwa wamegonga dari moja.

Hapa kwetu kifaa kipo na ni rahisi: karatasi za zamani za PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwisho wa P7, ambazo maduka mengi ya vitabu huuza zikiwa zimefungwa pamoja. Ya hesabu ina maswali 32 kwa saa mbili na nusu: Sehemu A ya maswali mafupi 20 yenye alama 40, na Sehemu B ya maswali marefu 12 yenye alama 60. Usimpe mtoto wa miaka tisa yote kwa mkupuo. Siku ya kwanza Sehemu A kwa dakika 50. Siku ya pili maswali sita ya Sehemu B, siku ya tatu sita yaliyobaki. Kaa mbali na meza. Akikuuliza maana ya neno, mwambie, lakini piga mstari wa penseli chini ya neno hilo, maana utauhitaji.

Ukishasahihisha, usihesabu jumla kwanza. Gawa makosa katika mafungu matatu: ambayo hajawahi kufundishwa, anayoyajua ila amekimbia, na yale ambayo hesabu anaiweza lakini Kiingereza cha swali kimemtoa njiani. Hapo ndipo penseli yako inaposema. Mtoto wa nyumba ya Kiswahili, au aliyekuja kutoka Kongo na Kifaransa chake, anaweza kupata 55 kwenye karatasi ya hesabu kwa sababu ya maneno kumi tu, na mzazi akamrudisha nyuma miaka miwili kwenye hesabu ambazo hazikuwa tatizo.

Baada ya hapo kipimo tunachokitumia ni hiki. Mada aliyopata zaidi ya asilimia 85 haifundishwi tena. Anapewa maswali matano ya kukumbusha baada ya mwezi, basi. Kati ya 50 na 85 ndipo penye somo lake la sasa. Chini ya 50, shuka hatua moja utafute panapovuja. Na kama karatasi nzima amepita 85, panda, mpe ya S1 na S2, hadi ufike mahali anapokosa nusu. Mahali hapo, hata pakikushtua, ndipo penye habari.

Kuna aina ya kosa inayowaumiza watoto wepesi kuliko wengine. Anaona jibu kichwani, analiandika peke yake, anaenda kucheza. Kwenye Sehemu B alama hugawanywa kwa hatua: kuna ya njia na kuna ya jibu. Jibu sahihi lisilo na njia hupoteza alama, na jibu lisilo sahihi lisilo na njia halina cha kuokoa. Kumwambia "onyesha kazi" hakumwingii, kwa sababu kwake hakuna kazi. Kinachofanya kazi ni kumpa swali gumu kiasi kwamba kichwa peke yake hakitoshi, au kumwambia aandike kana kwamba anamfundisha mdogo wake. Na mara nyingine tatizo ni mkono tu. Kichwa kina miaka kumi na mbili, vidole vina saba. Dakika kumi za mwandiko kila siku, tofauti na somo la hesabu, husaidia kuliko kumkatiza katikati ya kufikiri.

Siku za wiki, na mashimo ya silabasi

Mtoto anayesoma kwa video na vitabu vya nje hupanda haraka, lakini silabasi ya Uganda ina vitu vyake ambavyo huko ni nadra kuvikuta. Mojawapo ni zile hesabu za saa, ambazo shule hapa huziita "finite": unahesabu hadi mwisho, kisha unaanza upya. Swali la kawaida: leo ni Jumatano, baada ya siku 45 itakuwa siku gani? Darasani Jumapili hupewa 0, kwa hiyo Jumatano ni 3. Tatu na 45 ni 48; gawa kwa 7, inabaki 6, na 6 ni Jumamosi.

Mpe swali hilo mtoto anayefikiri kwa Kiswahili, utaona jambo la kupendeza. Kwake Jumatano ni tano, jina lenyewe linasema. Ataandika 5 na 45, apate 50, agawe kwa 7, ibaki 1. Siku ya mosi ni Jumamosi. Amefika pale pale kwa njia nyingine, kwa sababu mzunguko haujali unaanzia wapi mradi usibadilishe katikati. Mwalimu mwenye haraka ataweka alama ya kosa kwa sababu ya ile 5. Mzazi aliye mezani ana nafasi ya kuuliza: "Kwa nini zote mbili zimekubali?" Swali hilo moja linamtosha mtoto mwepesi kwa asubuhi nzima, na ni mfano wa kuchimba mahali badala ya kukimbilia mada inayofuata. Usisahau tu kumwonyesha namna ya darasani, ndiyo anayoizoea msahihishaji.

SST, yaani maarifa ya jamii, ndiyo inayovuruga kabisa hesabu za wanaotaka kuruka. Imepangwa kwa ukubwa wa eneo: P4 ni wilaya, P5 Uganda, P6 Afrika Mashariki, P7 Afrika. Haina ngazi ambayo akili nyepesi inaikisia. Aliyetoka P4 akaingia P6 hakuikosa mada ndogo, ameikosa Uganda nzima, na PLE itaidai. Kwa hiyo hata mtoto aliye miaka mitatu mbele kwenye hesabu tunampitisha SST kwa mpangilio, ila kwa kasi: mwaka wa P5 unaweza kuisha kwa miezi minne ya kusoma, ramani, na safari moja ya Makumbusho ya Uganda pale Kitante.

Kuhusu kuruka darasa kwa mtoto atakayerudi shuleni, maoni yetu ni haya. Ukiruka, ruka mapema, ndani ya P1 hadi P3, ambako mtaala tangu 2007 umepangwa kwa dhamira na mambo hurudiwa kwa kupanuliwa. P4 ndiyo mbaya zaidi kuruka, kwa kuwa ndio mwaka ambao lugha ya kufundishia inahama kutoka lugha ya nyumbani kwenda Kiingereza. (Shule nyingi za binafsi mjini hufundisha kwa Kiingereza tangu chekechea, huko hatari hiyo ni ndogo.) Kwenye sekondari kuruka karibu hakupo, kwa sababu tutakayoiona.

Karatasi

Sheria ya Elimu ya 2008 inasema elimu ya msingi ni ya lazima, inaanza kwa mtoto wa miaka sita, na ni ya miaka saba. Kinachomkabili mzazi siku hadi siku ni UNEB, baraza la mitihani. Mtoto hasajiliwi na baba yake kufanya PLE. Anasajiliwa na shule yenye namba ya kituo. Bila kituo hakuna mtihani, hata awe na akili za kuhesabu nyota.

Kwa hiyo kituo kitafutwe mapema, kabla ya mwaka wa mtihani. PLE hufanyika mwanzoni mwa Novemba lakini usajili hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, na anayechelewa hulipa zaidi. Unapoenda kwa Mwalimu Mkuu, usianze na kusifu mtoto. Wazazi wote husifu. Beba karatasi tatu alizofanya, cheti cha kuzaliwa cha NIRA, mamlaka ya usajili wa watu, na ombi lililo wazi: "Mwalimu, tunaomba asajiliwe hapa, afanye mitihani yenu ya ndani kila mwisho wa muhula, na aje siku mtakazopanga." Shule inaogopa mtu mmoja wa kuwaharibia matokeo. Mitihani ya ndani huondoa hofu hiyo, na kwako ni kipimo cha bure. Uliza pia namba ya utambulisho ya mwanafunzi, ile inayoitwa LIN, kwani hutolewa kupitia shule.

Angalia majina herufi kwa herufi. Jina litakaloandikwa PLE litamfuata mtoto hadi UCE, mtihani wa mwisho wa S4, na UACE, ule wa mwisho wa S6. "Aisha" wa cheti cha kuzaliwa akiwa "Aysha" kwenye PLE, mzunguko wa viapo na ofisi utakuja miaka kumi baadaye, wakati hamna muda nao.

Alama zenyewe: masomo manne, kila moja kutoka 1 hadi 9, bora kabisa ni jumla ya 4, na daraja la kwanza ni hadi 12. Mtoto mwenye 1 ya hesabu na 6 ya Kiingereza hana sifa ya "kipaji cha hesabu" mahali popote kwenye karatasi ile. Ana 1 na 6. Ndiyo maana mwaka wa mwisho kabla ya PLE ni wa kusawazisha. Hesabu ziachwe zijipumzikie, nguvu ziende kwenye somo linalochechemea.

Sekondari imebadilika. Mtaala mpya wa S1 hadi S4 ulianza 2020 na waliousoma walifanya UCE ya kwanza 2024. Asilimia 20 ya alama hutoka kwenye tathmini endelevu inayorekodiwa na shule, na mtihani wa mwisho una 80. Ule mpango wa zamani wa kijana mwepesi kukaa nyumbani, kisha kujitokeza S4 na kufagia mitihani, umekufa hapo: atakuja na tundu la alama 20. Anayetaka UCE anahitaji shule inayomjua tangu mapema. Kwa wasomaji wetu kuna habari njema ndogo: Kiswahili ni somo la lazima S1 na S2, na mtoto wa nyumba ya Kiswahili anaanza akiwa mbele, ingawa asipofundishwa sarufi atashangazwa na ngeli alizokuwa akizitumia kila siku.

Njia ya pili ni Cambridge, mitihani ya kimataifa kutoka Uingereza: IGCSE, inayokaribiana na UCE, na A-level, inayokaribiana na UACE. Uzuri wake kwa mtoto mwepesi ni kwamba mitihani ya IGCSE haina umri, na masomo si lazima yafanywe kwa mkupuo: hesabu Mei au Juni akiwa na miaka 12, fizikia na kemia mwaka unaofuata, lugha baadaye. Ada hulipwa kwa kila somo na ni nzito kuliko ya UNEB, kwa hiyo somo lisiandikishwe kabla mtoto hajapata mara mbili mfululizo alama unayoitaka kwenye karatasi za zamani, kwa saa halisi. Na angalia sayansi. Kwenye IGCSE ya fizikia, asiye na maabara anaweza kufanya karatasi ya 6, inayouliza majaribio kwa maandishi badala ya kuyafanya. Kwenye A-level njia hiyo haipo: fizikia ina karatasi ya 3, ya vifaa mkononi. Mtoto aliyesoma sayansi kwa vitabu tu hadi hapo hugundua kwamba hajawahi kusoma kipimo cha mikromita. Saa mbili kwa wiki katika maabara ya shule ya jirani, kwa kulipia, zianze miaka miwili kabla.

Wapo pia wanaotumia vijitabu vya ACE (Accelerated Christian Education), mtaala wa kujisomea, hasa familia za Kikristo: kumi na viwili kwa somo kwa mwaka, na kila kimoja hupitwa kwa asilimia 80. Kwa mtoto mwepesi kinga kubwa ni ule mtihani wa mwanzo unaoonyesha mashimo. Hatari ni kuzoea kujaza nafasi zilizoachwa wazi na kudhani huko ndiko kusoma.

Lolote la nje utakalochagua, lina siku ya kulinganishwa. UNEB hulinganisha vyeti vya ngazi ya sekondari, na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, hushughulikia vyeti vya nje kwa wanaokwenda chuo kikuu. Sharti la kawaida la kuingia chuo kikuu moja kwa moja ni UACE yenye angalau masomo makuu mawili yaliyofaulu katika mtihani wa mkao mmoja. Mtoto aliyezoea kutawanya mitihani aulizie hilo kwa barua, kabla ya kulipa ada ya A-level. Jibu la mdomo la dirishani halishikiki.

Wenzake

Hapa wazazi huambiwa, "Mtoto wako hatajua kuchangamana." Ni nusu ya ukweli. Kuwa na watoto arobaini wa umri mmoja chumbani si kuchangamana. Kuna watoto waliokaa hivyo miaka saba bila rafiki hata mmoja. Lakini kukaa na mama na kompyuta tangu asubuhi pia si jibu. Mtoto huyu anahitaji watu wa aina tatu, na ni nadra kuwapata mahali pamoja.

Wa umri wake, kwa ajili ya mwili na kicheko: mpira wa jioni, kwaya, madrasa, skauti. Huko akili yake isitajwe. Mzazi anayemtambulisha mwanawe kwa watoto wa jirani kama "huyu anasoma hesabu za sekondari" amemharibia mechi kabla haijaanza. Wa uwezo wake, wa umri wowote: hawa ndio adimu. Na mtu mzima mmoja asiye mzazi, fundi redio, mhasibu, ustadhi, anayemjibu maswali bila kumshangaa.

Kundi la uwezo halihitaji jengo. Phiona Mutesi alipojiunga na watoto wa sataranji wa Robert Katende kule Katwe, alionyeshwa namna vipande vinavyokwenda na msichana mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 alikuwa kwenye timu ya Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Kilichomfaa mwanzoni kilikuwa ubao, na watu waliochukulia kawaida kwamba mdogo anaweza kumfundisha mkubwa.

Ukianzisha kundi lako la hesabu Jumamosi, watoto wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi wanane, wawili wanajibu yote na wengine wanakuwa hadhira. Tatizo moja gumu kwa dakika 40, kila mmoja na karatasi yake, bila kutangaza jibu. Kisha kila mtu anaeleza alipofika, hata kama ni robo. Mtoto mwepesi ambaye hajawahi kukwama atakasirika wiki mbili za mwanzo, pengine atasema tumbo linamuuma. Hapo usiondoke. Kukwama mbele ya wenzake ndicho kitu ambacho darasa la umri wake halikuweza kumpa, na akikikosa hadi A-level atakutana nacho kwa mara ya kwanza siku ambayo kina gharama.

Kuna pia nusu kwa nusu: asubuhi nyumbani, alasiri shuleni kwa michezo, maabara na vilabu. Shule za binafsi hukubali zaidi, zikiandikiwa makubaliano ya ukurasa mmoja: siku gani, saa ngapi, analipa kiasi gani, na nani anawajibika akiumia. Makubaliano hayo yana faida ya ziada, maana mashindano mengi ya masomo yameundwa kwa ajili ya shule, na mtoto asiye na shule hukosa wa kumwandikisha.

Kwa wanaotamani kumfikisha chuo kikuu akiwa na miaka kumi na sita, kuna hesabu moja ya mwisho ya kufanya. Olimpiadi ya kimataifa ya hisabati, ambayo Uganda nayo hupeleka timu, inapokea walio chini ya miaka 20 ambao hawajajiunga na chuo kikuu: siku mbili, matatizo matatu kila siku kwa saa nne na nusu. Siku kijana anapojisajili chuoni, mlango huo unafungwa, wakati wale pekee ambao angefanana nao bado wana miaka mitatu ya kukutana kila mwaka.